Somo: Kumwingiza Giganotosaurus kwenye Zoo Tycoon 2

Wakuu, habari za wakati huu. Leo tunamwongeza dinosauri mkubwa mla nyama kwenye Zoo Tycoon 2, lile gemu la mwaka 2004 la kuendesha bustani ya wanyama. Nimemchagua Giganotosaurus kwa sababu T. rex amejaa kila bustani mpaka anachosha. Mifupa ya huyu ilipatikana Patagonia, Argentina, mwaka 1993, akapewa jina mwaka 1995, na urefu wake unakadiriwa kuwa mita 12 hadi 13.

Wengi wanaogopa kuchonga umbo. Msiogope hilo, ogopeni majina ya faili. Hapo ndipo wanyama wengi wanapofia kabla hata hawajatembea.

Andaa Notepad++ (ya kuhariri maandishi), 7-Zip (ya kufungua na kufunga zip), GIMP (ya picha) na Blender (ya kuchonga maumbo) yenye nyongeza ya kusoma faili za bfb, ambazo ndizo zinazobeba maumbo ya gemu hili. Kabla ya yote, nakili folda nzima ya gemu uiweke pembeni.

Hatua ya 1: Azima mnyama. Usianze na ukurasa mtupu. Tafuta dinosauri mla nyama wa miguu miwili ambaye tayari unaye. Faili za z2f, zinazobeba vitu vya gemu, ni zip tu zilizobadilishwa jina, kwa hiyo 7-Zip inazifungua bila shida. Toa faili za mnyama huyo peke yake: umbo, picha za ngozi za dds, na xml (faili za maandishi zenye maelekezo ya mnyama) za dume, jike na mtoto.

Hatua ya 2: Majina. Hapa usiwe na haraka. Yape jina jipya mafolda na mafaili, kisha ingia ndani ya kila xml na ubadilishe jina la zamani. Mtego wake ni huu: ukibonyeza "badilisha yote" utaharibu, maana xml inataja pia sauti na miendo ambayo hukuinakili. Ukishaigeuza njia ya faili ya mngurumo wakati faili yenyewe imebaki na jina la zamani, mnyama anakuwa bubu, na ikiwa ni mwendo anaganda kama sanamu. Kanuni yangu: faili niliyoinakili naibadilisha jina, nisiyoinakili siigusi. Herufi kubwa na ndogo nazo ziandike vilevile kila mahali.

Ukimaliza, zifunge faili kuwa z2f kama ilivyo Hatua ya 6, kisha ujaribu. Unatakiwa uone wanyama wawili wanaofanana kabisa, wa zamani na wako. Wako akitembea, akila na akilala, endelea. Asipofanya hivyo, usifungue Blender kwanza, rudi kwenye majina.

Hatua ya 3: Umbo. Kama umeazima T. rex, urefu hautakupa kazi kubwa, kazi iko kichwani na mikononi. Fuvu la T. rex ni pana kwa nyuma. La Giganotosaurus lipunguze upana, liwe refu na jembamba. Mkono wa T. rex una vidole viwili, huyu anaaminika kuwa na vitatu. Mimi kidole cha tatu nilikinakili kutoka cha pili, nikakisogeza na kukifunga kwenye mfupa uleule (ule wa ndani ya Blender unaoliendesha umbo), na ukitazama mchezo ukiendelea hugundui kitu. Meno yafanye bapa kama visu, yasiwe manene kama ndizi.

Kama umeazima mnyama mdogo, pima umbo lenyewe ndani ya Blender ulilinganishe na mgeni wa bustani, usitegemee vipimo vya vitabuni. Ukilikuza, kuza na mifupa yake pamoja na miendo, la sivyo ngozi itavutika kama mpira. Na mtoto usimsahau! Wangu wa kwanza alianguliwa akiwa na ukubwa wa baba yake.

Hatua ya 4: Ngozi. Pande za picha ziwe pikseli 512 au 1024, kisha hifadhi kwa dds. Rangi ni hiari yako.

Hatua ya 5: Tabia. Kwenye xml rekebisha chakula, mazingira anayoyapenda na wanyama anaowawinda. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Njaa usiipandishe sana, atamaliza mazizi ya jirani kabla hujanywa maji. Mjengee pia uzio imara kuliko wote ulio nao.

Hatua ya 6: Kufunga. Chagua mafolda ya ndani, yafunge kwa zip, badilisha mwisho wa jina uwe z2f, kisha weka kwenye folda kuu ya gemu.

MASWALI

Mkuu, nimefuata yote lakini haonekani kabisa kwenye orodha.
Mambo mawili. Kwanza, Windows huficha mwisho wa majina, kwa hiyo huenda faili yako kiukweli ni z2f.zip. Pili, huenda umefunga folda ya nje badala ya vilivyomo ndani yake. Hilo la pili lilinikesha usiku mbili.

Wangu yupo, ila jina lake halisomeki.
Hukuweka faili ya lugha, ile yenye majina yanayoonekana kwenye gemu. Toa ile ya mnyama uliyemwazima, andika jina jipya, ifunge pamoja na nyingine.

Anatembea lakini miguu inateleza kama yuko kwenye sakafu ya sabuni.
Umemkuza ukaacha mwendokasi wa zamani. Hatua imerefuka, kasi imebaki ileile. Ukiwa umemkuza mara moja na nusu, ongeza kasi kwa kiwango hichohicho, halafu rekebisha kwa jicho.

Kwa nini hujamwekea manyoya bosi?
Hakuna alama ya manyoya iliyopatikana kwa Giganotosaurus. Ndugu yake wa Hispania, Concavenator, aliyetangazwa mwaka 2010, ana vinundu kwenye mfupa wa mkono ambavyo wataalamu wanabishania kama vilishika manyoya. Ukitaka machache mgongoni, chora tu.

Nikimchoka, nafuta faili basi?
Muuze kwanza katika kila bustani uliyohifadhi, hifadhi tena, ndipo ufute. Ukianza kwa kufuta, bustani iliyokuwa naye inaweza kugoma kufunguka.