Chandarua cha mbu hakizuii inzi weupe: rasta ya nyanya huanzia kitaluni

Wakulima wengi wa Ngarenanyuki, Kikwe na Kahe, huku Arusha na Kilimanjaro, siku hizi wanafunika vitalu vya nyanya. Hilo nalifurahia. Kinachoniumiza ni kile wanachofunikia: chandarua cha mbu. Hakizuii inzi weupe, wadudu wadogo wanaoeneza rasta, ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya nyanya.

Niliingia kwenye kitalu kimoja kilichofunikwa hivyo, pindo limekandamizwa kwa mawe pande zote. Nikapitisha kiganja juu ya miche. Kiwingu cheupe cha inzi hao kikainuka humo humo ndani ya chandarua, kisha kikatua tena chini ya majani. Zilikuwa zimebaki siku 4 miche ihamishwe. Kwa macho ilikuwa mizuri, ya kijani, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: tangu mche uambukizwe hadi majani yaanze kujikunja hupita wiki 2 hadi 3. Unahamisha mche mgonjwa ukidhani ni mzima, unautia mbolea, unaumwagilia, halafu unalaumu mbegu.

Inzi mweupe ana urefu wa kama milimita 1. Chukua rula uhesabu matundu ya neti yako ndani ya inchi 1, yaani sentimita 2.5. Kwenye chandarua cha mbu utapata kama 12 au 13, na inzi anapita bila shida. Neti ya kitalu iwe na matundu 50 kwa inchi. Ukifika duka la pembejeo taja hivyo hivyo, "matundu 50", na uhesabu kabla hujalipa.

Funika siku ile ile unayosia mbegu, usisubiri ziote. Fito za upinde ziwe na kimo cha sentimita 60, na pindo la neti lifukiwe udongoni sentimita 15, kwa sababu mawe huacha mianya. Mwagilia juu ya neti, asubuhi. Neti hii inabana hewa. Ukimwagilia jioni unakaribisha kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la miche michanga. Ukilazimika kufungua ili kung'oa magugu, fungua alfajiri kukiwa na baridi, inzi wakiwa bado wazito, na ufunge mara moja.

Kuna wanaovua neti wiki ya mwisho, ati miche izoee jua. Jamani, msifanye hivyo! Inzi mwenye virusi akifyonza mche kwa dakika 15 hadi 30 tu, inatosha kuuambukiza, na akishavibeba huwa navyo karibu maisha yake yote. Miche ikomazwe kwa kupunguziwa maji, neti ikiwa palepale mpaka siku ya kuhamisha, yaani wiki ya 4 hivi.

Kitalu kisiwe pembeni ya nyanya zilizokwisha kuvunwa. Ng'oeni masalia hayo na kuyafukia kabla ya kusia. Mnavu nao unahifadhi virusi hivi. Najua ni mboga yetu, lakini upandwe mbali na kitalu.

Miche iliyotoka safi utaijua shambani kwa majani yaliyokunjuka na maua yanayoshika.

Shambani, mche ukijikunja wiki za mwanzo, usiupulizie dawa ya ukungu. Rasta ni virusi, haina dawa ya kuiponya, na pesa hiyo unaitupa. Uvike mche mfuko wa plastiki kwanza ili inzi wasirukie jirani, funga mdomo wa mfuko shinani, ndipo ung'oe na kwenda kuufukia nje ya shamba.