Jinsi ya kuuza vitabu Amazon ukiwa Mtwara au Lindi bila kumtegemea yeye peke yake

Hii naiandika kwa wachapishaji wadogo wenzangu wa huku Kusini, wale wenye vitabu viwili vitatu mpaka kumi hivi, unachapa hadithi za watoto, historia ya Mikindani, kijitabu cha mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, mashairi ya mwalimu mstaafu wa Nachingwea, na siku hizi kila ukikutana na mtu anakwambia weka Amazon, lile duka la mtandaoni la Marekani, utauza dunia nzima. Weka, mimi simkatazi mtu. Ila kuna kuweka na kuna kujifunga, na wengi wanajifunga siku ile ile wanayofungua akaunti, kwa kubonyeza kubali kubali mpaka mwisho bila kusoma.

Sisi watu wa korosho hili la mnunuzi mmoja hatuhitaji kufundishwa. Msimu wa 2018 wanunuzi walitaja bei ndogo mnadani, wakulima wakakataa, Kusini nzima pesa ikakauka mpaka serikali ikaingia kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kwenye vitabu hakuna serikali itakayokuja kununua. Na wenye nguvu kuliko sisi yameshawakuta: Februari 2012 Amazon haikuelewana masharti na IPG, msambazaji wa Marekani anayebeba vitabu vya wachapishaji wadogo wengi, ikaviondoa vitabu vyao vya kielektroniki karibu 5,000, na vilikuja kurudi Mei. Machi 2020 wakati wa corona maghala ya Amazon yalisimamisha kwa muda kupokea bidhaa zisizo za lazima, na vitabu vikawa humo humo kwenye zisizo za lazima. Yule mchapishaji mdogo hakuwa na kosa lolote hapo, ila kama mauzo yake yote yalikuwa sehemu moja basi mwezi ule alilala njaa.

Sasa tuanze kazi.

Jambo la kwanza kabisa ni ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Ukiingia KDP, ile huduma yao ya kujichapishia mwenyewe, kwenye kitabu cha karatasi watakupa ISBN ya bure. Usiichukue. Inatumika kwao tu, huwezi kwenda nayo kwa mchapaji mwingine wala msambazaji mwingine, na kwenye sehemu ya mchapishaji halitoki jina la kampuni yako. Omba yako kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hao ndio wanaotoa ISBN za nchi yetu, ndio maana vitabu vya Tanzania utaviona na namba zinazoanza 978-9976 au 978-9987. Omba kadhaa kwa mpigo sababu toleo la karatasi linataka namba yake na softi kopi namba yake. Najua inachosha na unataka kitabu kitoke wiki hii, lakini hii namba ndiyo inayosema kitabu ni cha nani, usiigawe kwa kukosa subira.

Pili, mafaili. Fundi wa kava akikukabidhi picha tu ya JPG mwambie hapana, unataka faili la kazi lenyewe, fonti alizotumia na picha zake zote, na hilo muandikiane kabla hujamlipa hela ya mwisho. Sababu ni hii hapa: mgongo wa kitabu unategemea unene wa karatasi. Kitabu cha kurasa 150 kwa karatasi nyeupe ya KDP mgongo wake ni kama milimita 8 na nusu. Ukikipeleka kitabu kile kile kichapwe Dar, au Ndanda kwenye kiwanda cha uchapaji cha watawa Wabenediktini, karatasi ni nyingine na mgongo utakuwa mwingine, kwa hiyo kava la Amazon ukilipeleka vile vile jina la mwandishi linahama linaangukia pembeni, kitabu kinaonekana kimekatwa vibaya. Mwenye faili la kazi anarekebisha nusu saa. Asiye nalo anaanza kumtafuta fundi, fundi keshahama mji na simu haipatikani. Weka nakala kwenye flashi mbili tofauti na nyingine kwenye imeili yako.

Halafu kuna kisanduku kinaitwa KDP Select, hapa ndipo watu wanapofungwa. Ukikitiki unakubali kwamba softi kopi ya kitabu hicho utaiuza kwao tu kwa siku 90, yani hata kwenye tovuti yako mwenyewe hauruhusiwi, hata kumtumia mteja wa Lindi PDF kwa WhatsApp akulipe kwa M-Pesa hauruhusiwi. Siku 90 zikiisha inajirejesha yenyewe kama hujaizima. Kitabu cha karatasi hakihusiki, hicho uko huru nacho. Ushauri wangu: kama wasomaji wako wengi wako Tanzania usiguse kile kisanduku. Kama umeshakitiki ingia leo, zima kujirejesha, andika tarehe ya mwisho ukutani, siku ikifika peleka softi kopi kwenye maduka mengine ya mtandaoni kama Kobo.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujajaza chochote ni lugha. KDP wana orodha ya lugha wanazopokea kwa softi kopi, na ya karatasi iko kivyake. Fungua uangalie kama Kiswahili kimo kwa aina unayotaka kuchapa. Asikudanganye mtu eti andika tu ni Kiingereza itapita, kitabu kinaweza kuondolewa baadaye na akaunti ikaingia matatani, na sheria yao ni akaunti moja kwa mtu mmoja, ukifungiwa hauruhusiwi kufungua nyingine kwa mlango wa nyuma.

Tuje kwenye hela, na hapa naomba uchukue kalamu. Kitabu cha karatasi cha kurasa 150, wino mweusi, bei dola 10. Mgao wako ni asilimia 60, dola 6, halafu kwenye hiyo hiyo dola 6 wanatoa gharama ya kuchapa, karibu dola 3, unabaki na dola 3 na kidogo. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kwenye mauzo ya kule wanakata kodi ya zuio asilimia 30. Mkononi ni dola 2 na senti. Sio mbaya, ila jua ndiyo hiyo, na hela ya mauzo ya mwezi huu inatoka kama siku 60 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo usimuahidi mwandishi wako hela ya ada ya shule ya Januari kutokana na mauzo ya Desemba. Na kwenye mkataba wa mwandishi andika kwamba mrabaha wake unahesabiwa kwenye kile kilichokufikia wewe. Ukiandika asilimia 25 ya bei ya kuuzia kitabu, ni dola 2 na nusu kwa kila nakala, utakuwa unamlipa kutoka mfukoni kwako.

Softi kopi nayo ina hesabu yake. Bei ikiwa kati ya dola 2.99 na 9.99 unaweza kuchagua mgao wa asilimia 70, nje ya hapo ni 35. Watu wanarukia 70 moja kwa moja, ngoja kwanza. Kwenye 70 wanakukata gharama ya kupeleka faili, senti 15 za dola kwa kila megabaiti kwa mauzo ya Marekani. Chukua kitabu cha picha za vinyago vya Wamakonde, faili MB 20, bei dola 4.99. Gharama ya kupeleka ni dola 3 nzima, inabaki 1.99, asilimia 70 yake ni dola 1.39. Ungechagua 35, ambayo haina makato hayo, ungepata 1.75. Yani mgao mdogo ndio mkubwa! Kwa hiyo ama punguza uzito wa picha ama chagua 35. Na tena ile 70 ni kwa wateja wa nchi walizoziorodhesha wao, Tanzania haimo, mteja wa hapa akinunua unapata 35 hata kama ulichagua 70.

Sasa jiulize, huyo mteja wa Masasi kwa nini anunue Amazon? Kitabu cha karatasi kinachapwa nje ya Afrika, usafiri wake mpaka huku unaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Amazon iache kwa wateja wa mbali. Wateja wa hapa wahudumie wewe, na hapa ndipo naona wachapishaji wa Kusini tunalala.

Duka kubwa halikupi jina wala namba ya aliyenunua. Mtu anaweza kununua vitabu vyako vitatu na usimjue maisha yako yote. Dawa yake ni ukurasa wa mwisho wa kila kitabu, weka namba ya simu ya kampuni, sio ya kwako binafsi, na sentensi moja tu: ukitaka kujua kitabu kinachofuata tuma neno KITABU WhatsApp. Wanaotuma waandike kwenye daftari au kwenye Excel, jina, mji, kitabu alichosoma, na muulize kama anaridhia utunze namba yake na umtumie taarifa, maana tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na namba ya mtu sio mali yako ya kugawa gawa. Usiwarundike kwenye grupu ambako kila mtu anaona namba ya mwenzake, tumia orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast), ambako kila mtu anapata ujumbe kivyake. Wasomaji mia mbili unaowajua kwa majina wana nguvu kuliko unavyodhani, hao ndio unawauzia kabla hujachapa, wanalipa nusu kwa lipa namba, na hela hiyo hiyo inakwenda kwa mchapaji.

Kuhusu muda, fuata kalenda ya huku. Oktoba mpaka Januari minada ya korosho inaendelea na hela ipo Newala, Tandahimba na Masasi, halafu Januari shule zinafunguliwa. Kitabu cha watoto kikitoka Machi umekitoa kwenye ukame. Agosti kuna Nanenane pale viwanja vya Ngongo, Lindi, wazazi wanakuja na watoto, kodi meza au ungana na mwenye banda, na weka bei ya kamili isiyohitaji chenji. Ukitaka kuingia shuleni hasa, jua kwamba vitabu vya shule vinatathminiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ulizia utaratibu wao mapema kabla hujachapa nakala nyingi, sababu mwalimu mkuu hata akikipenda mikono yake imefungwa.

Usafirishaji ni mabasi tu. Funga kitabu kwenye nailoni kwanza halafu kaki, andika jina na simu ya mpokeaji pande zote mbili, piga picha risiti ya basi umtumie. Masika ikikata barabara, kama ilivyotokea Somanga Mei 2024, mwambie mteja ukweli siku hiyo hiyo, watu wa huku wanajua mvua na watakusubiri.

Na hao wa nje? Hata huko Amazon sio pekee. Kuna African Books Collective, iko Oxford, ilianzishwa na wachapishaji wa Kiafrika wenyewe mwaka 1985, inauza vitabu vya wachapishaji wa bara hili kwenye maktaba na vyuo vikuu vya nje, Mkuki na Nyota wa Dar ni mmoja wa waliopitia huko. Wanachagua, hawapokei kila kitu, kwa hiyo kazi yako iwe imehaririwa sawa sawa. Kuna IngramSpark pia ambao wanachapa kwa oda na kupeleka kwenye maduka mengi, na hapo ndipo ile ISBN yako ya Maktaba inapolipa. Na kama una kitabu cha Tendaguru, mifupa ile ilichimbwa 1909 mpaka 1913 ikapelekwa Berlin, wako watu kule wanaokihitaji, waandikie imeili maktaba na idara za vyuo moja kwa moja, taja ISBN, kurasa, bei, na usafiri. Maktaba moja ikinunua nakala tatu kwako moja kwa moja inaweza kukupa faida ya nakala kadhaa za Amazon.

Kipimo ninachoshauri: kila mwisho wa mwezi andika mauzo kwa njia, Amazon kiasi gani, mkononi kiasi gani, shule, oda za WhatsApp, wasambazaji. Njia moja ikizidi nusu ya hela yote, mwezi unaofuata nguvu zako zote zipeleke kwenye njia nyingine, hata kama ile moja inakwenda vizuri. Tena hasa ikiwa inakwenda vizuri, maana hapo ndipo una hela ya kujaribu.

Mwisho ni akaunti yenyewe. Kila mwezi shusha ripoti ya mauzo uihifadhi, usiiache kule ndani tu. Piga picha kurasa za vitabu vyako zikiwa na maoni ya wasomaji. Jina kwenye akaunti, kwenye benki na kwenye fomu ya kodi liwe lile lile herufi kwa herufi, mambo ya Mohamedi huku Mohammed kule ndiyo yanaleta usumbufu. Siku ukiamka kitabu kimeondolewa, usiandike kwa hasira, andika barua fupi yenye ISBN, tarehe, na ushahidi kwamba haki za kitabu ni zako, ambatanisha mkataba wa mwandishi, na wakati unasubiri jibu watumie wale wa kwenye daftari ujumbe kwamba kitabu kinapatikana kwako kama kawaida, bei ile ile, basi la kesho asubuhi.