Kuiga gesi ya elektroni kwenye joto kali: tazama ishara kabla ya nishati

Mbinu hapa ni Monte Carlo ya njia (path integral): kila elektroni huigwa kama pete ya shanga, na mipangilio ya pete huchaguliwa kwa kubahatisha. Anza na mfumo mdogo: elektroni N = 14, saba za spini juu na saba za spini chini, kwa r_s = 2 (r_s ni wastani wa nafasi kati ya elektroni; 2 ni karibu na msongamano wa elektroni huru za aluminiamu) na θ = 2 (θ ni kT ikigawanywa kwa nishati ya Fermi). Kwa vipimo vya atomu, nishati ya Fermi ni 1.8416/r_s², yaani hartree 0.460 (hartree ni kipimo cha nishati cha atomu). Basi kT ni 0.921, takriban kelvini 290,000, na β, yaani 1/kT, ni 1.086. Ubavu L wa kisanduku, r_s(4πN/3)^(1/3), ni 7.77.

Kila elektroni iwe pete ya shanga P = 50. Shanga jirani katika pete zimeungwa kwa springi. Shanga zenye namba ileile katika pete tofauti zinasukumana. Msukumano huo ukokotoe kwa jumla ya Ewald, njia ya kujumlisha nguvu za umeme kisanduku kikijirudia pande zote bila mwisho. Ongeza pia nishati ya elektroni na taswira zake yenyewe (nakala zake katika visanduku vinavyojirudia), −2.837/(2L). Hii husahaulika sana: ukiona nishati ya kila elektroni imezidi kwa hartree 0.18, usitafute mchawi kwingine.

Kisha zima msukumano wa Coulomb (wa chaji za umeme) na ubadilishanaji wa elektroni. Nishati mwendo lazima itoke 1.5kT, yaani 1.381 kwa kila elektroni. Isipotoka hivyo, usiendelee.

Sasa ruhusu pete mbili za spini ileile zikatwe na kuungwa upya. Kila ubadilishano hugeuza ishara S ya uzito kutoka jumlisha kwenda toa. Chagua sampuli kwa ukubwa wa uzito bila ishara, halafu nishati ni ⟨ES⟩/⟨S⟩. Juu na chini ya mgawo huo vinategemeana, kwa hiyo hitilafu zao usizikokotoe kila moja peke yake. Gawa data katika mafungu na utumie jackknife: kokotoa mgawo upya ukiacha fungu moja kila mara.

Chapisha ⟨S⟩ kila mara. Hushuka kieksponenti kadiri N na β zinavyopanda, na ikifika 0.01 utahitaji sampuli mara 10,000 kwa usahihi uleule. Ikibaki 1 kamili, usifurahi: ubadilishanaji haukubaliwi hata mara moja, na unachoiga si fermioni (chembe kama elektroni, ambazo ishara hugeuka zikibadilishana nafasi).

Rudia kwa shanga 25 na 100. Kosa la mgawanyo hupungua kwa mraba wa β/P. Baadaye panda hadi elektroni 38, 54 na 66. Ishara ikizama, kuna mbinu ya Ceperley ya kuzuia njia zisivuke nodi (mahali ambapo ishara hugeuka), ila kwenye msongamano mkubwa nodi za elektroni huru zimeonekana kupotosha nishati.