TB ya tumbo: namna ya kuitambua na kuithibitisha

Mgonjwa wa TB ya tumbo mara nyingi hakohoi. Huja na tumbo linalouma au kujaa kwa wiki kadhaa, homa za jioni, jasho la usiku na nguo zinazompwaya. Wengine hugusika uvimbe chini kulia, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana. Wengine huletwa utumbo ukiwa umeshaziba. Picha safi ya kifua isikutoe kwenye njia: wengi wao mapafu hayana kitu.

Tumbo likiwa na maji, yavute mapema. Omba hesabu ya seli, protini, albumini (aina mojawapo ya protini), seli za saratani, na ADA (kimeng'enya kinachopanda kwenye TB) ikiwa inapimwa. Siku hiyohiyo chukua damu upime albumini, kisha toa ya maji kwenye ya damu. Tofauti ikiwa chini ya gramu 11 kwa lita, maji hayo kwa kawaida hayatokani na ini lililosinyaa wala moyo. Ongeza limfosaiti (aina ya seli nyeupe) nyingi, protini inayopita gramu 25 kwa lita na ADA inayopita uniti 39 kwa lita, na TB inakuwa mshukiwa wa kwanza. Lakini mwenye ini lililosinyaa anaweza kuwa na TB pia, na kwake tofauti hubaki kubwa, ADA hushuka. CA-125, kipimo cha damu cha saratani ya ovari, usiitegemee, hupanda kwenye TB kama kwenye saratani ya ovari.

Wengi hukosea kwenye majibu hasi. Bakteria ndani ya maji ni wachache mno, darubini huwaona kwa nadra. Xpert (kipimo cha vinasaba vya bakteria wa TB) ikiwa chanya, anza dawa. Ikiwa hasi, hujamaliza kazi.

Altrasaundi itafute nyuzi ndani ya maji, tezi zilizovimba na ukuta mnene wa utumbo. Pima VVU, akiwa nayo, ongeza LAM, kipimo cha TB cha mkojo.

Jibu la uhakika liko kwenye kinyama kinachokatwa kwa ajili ya vipimo, kwa laparoskopi (kamera ndani ya tumbo) au kolonoskopi (kamera ndani ya utumbo mpana). Andaa chupa mbili kabla: ya formalini kwa patholojia, ya salaini kwa Xpert na kuotesha bakteria. Vipande vyote vikitumbukizwa kwenye formalini, bakteria hufa na kuotesha hakuwezekani tena.

Usimpe steroidi kwa kudhani ni ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo unaofanana na TB) kabla ya kuiondoa TB. Ukianza dawa bila uthibitisho, mpime uzito na homa kila ziara. Miezi 2 ikipita bila nafuu, rudi kutafuta saratani au usugu wa dawa. Akianza kutapika na tumbo kukaza katikati ya matibabu, huenda kovu limebana utumbo: mpeleke kwa daktari wa upasuaji.