Namna ya kuwanoa washauri nasaha wampokee anayempenda mtu wa jinsia yake

Nawafundisha washauri nasaha hapa Moshi: wauguzi, walimu wa malezi, wazee wa kanisa. Wakufunzi wengi huliruka somo la mteja anayempenda mtu wa jinsia yake. Wanaogopa. Mimi siliruki, kwa sababu mteja huyo anakuja tu, awe amepata wa kumpokea au hakupata, na akitazamwa vibaya mara moja harudi tena.

Anza na imani zao. Kabla ya mada yoyote, gawa karatasi zisizo na majina, kila mmoja aandike anachoamini kuhusu watu hawa. Zichanganye, zisome kwa sauti, usibishane na hata moja. Darasani kwangu Mlutheri, Mkatoliki na Mwislamu wanakaa benchi moja, na sitaki mtu ajifanye hana msimamo. Ninachodai ni kwamba wakati wa ushauri ni wa mteja, mahubiri yasubiri. Anayeona hataweza kabisa, mfundishe kumkabidhi mteja kwa mwenzake siku hiyo hiyo, kwa heshima.

Maarifa hayachukui muda. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliyaondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990. Kwa hiyo mzazi akimleta kijana na kusema "nibadilishie huyu", mshauri amjibu wazi kwamba tiba hiyo haipo, na kwamba kumlazimisha mtu abadilike kunaweza kumtia sonona na mawazo ya kujiua. Kinachotibika ni hofu, kukosa usingizi, pombe iliyozidi.

Sheria nayo usiifiche. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha maisha, kisichopungua miaka 30, kwa tendo linaloitwa kinyume na maumbile. Mwalike wakili alieleze darasa, mshauri asijifanye mwanasheria. Linalomhusu yeye ni kalamu yake. Kwenye faili aandike "hapati usingizi vizuri, ana msuguano na familia", basi. Jina la mwenza halina kazi pale. Faili linapita mapokezi, linapita maabara, na Moshi hii huenda wa mapokezi ni binamu yake mteja.

Sasa igizo. Hapa tumia muda mwingi kuliko kwingine kote. Wagawe watatu watatu: mteja, mshauri, mtazamaji. Mteja wangu wa kwanza huwa kijana wa Kibosho anayefanya kazi Arusha, kitindamimba, ambaye kwa mila zetu Wachagga ndiye wa kurithi nyumba na kihamba, yaani shamba la ukoo, la wazazi. Desemba amepanda mlimani kwa Krismasi, na kila aliyekula naye ndafu kamuuliza anaoa lini. Januari yuko mbele yako.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Umeoa?"

Simamisha hapo hapo. Mteja ameshajua jibu linalotakiwa, na atalitoa. Mshauri aanze upya:

"Marahaba, karibu ukae. Utakayosema yanabaki kwangu, labda nione uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini. Unaishi na nani?"

"Niko mwenyewe."

"Na mambo yakikuzidi, unamweleza nani?"

"Kuna mtu wangu. Ila nyumbani hawamjui."

Mshauri mchanga hapo hukimbilia kuuliza ni mwanamke au mwanaume. Mzuie. Atataja akiwa tayari. Aseme tu, "Nieleze habari za mtu wako, kadiri utakavyopenda," kisha anyamaze.

Kazi ya mtazamaji ni kumwangalia mshauri: nyusi zilizopanda, kalamu iliyosita, kiti kilichorudi nyuma kidogo. Mteja aliyeishi kwa kujificha anavisoma hivyo kabla hujatamka neno. Rudieni mpaka uso utulie, kisha wabadilishane, mshauri akae kwenye kiti cha mteja. Raundi ya pili mteja awe mwanamke, mwalimu mwenye watoto wawili na mume, maana wanawake ndio husahaulika zaidi.

Wafundishe pia kuuliza bila kuzunguka: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo, aulizwe kama amepanga namna, na asiachwe aondoke peke yake.

Kisha kuna mambo mawili ambayo mshauri hamsukumi mteja kuyafanya. Kwanza, kuwaambia wazazi. Mwenye kujua kama atafukuzwa nyumbani ni yeye. Pili, kuoa au kuolewa ili watu wanyamaze. Hili nalisema kwa ukali, kwa sababu atakayeingizwa kwenye ndoa hiyo naye ni mtoto wa watu, na siku moja atakaa kwenye kiti kile kile akilia.

Mafunzo yakiisha, usiwaache wakatawanyika. Panga wakutane kila mwezi na mshauri mzoefu, walete kesi zisizo na jina, mtaa wala kazi ya mteja. Mimi huwakutanisha wa Moshi na wa Arusha, kwani huku Moshi, hata bila jina, ukisema "kitindamimba wa Kibosho" tu kuna atakayemtambua.