Jinsi ya kuomba hati ya ardhi kama ulijenga kabla ya kupimwa (Tabora Mjini)

Ulinunua kiwanja kwa karatasi ya mauziano, ukajenga, ukahamia, na hadi leo hakuna bikoni (jiwe la mpaka la wapimaji) hata moja. Njia yako inaitwa urasimishaji, nayo imo kwenye Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Usianzie ofisi ya ardhi. Anzia mtaani, maana hupimwi peke yako, unapimwa pamoja na majirani.

Muulize mwenyekiti wa mtaa kama kamati ya urasimishaji imeshachaguliwa. Kama bado, ombeni mkutano wa mtaa. Akija mpimaji kabla ya mkutano huo, usimpe hela mkononi.

Kisha mipaka, na hapa ndipo penye kazi. Mstari wa minyaa, au mwembe ambao marehemu mzee alisema "mwisho ni hapa", hauwatoshi wapimaji. Siku ya utambuzi wa mipaka muwepo wote, wewe na majirani, mwelewane, msaini. Mkishindwana, Baraza la Kata litawapatanisha tu. Tangu 2021 halitoi hukumu tena, hiyo ni kazi ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mchoro wa mipango miji, yaani ramani ya jinsi mtaa utakavyopangwa, nao utadai njia, na choo au ukuta uliotokeza utaguswa. Inauma, lakini gari la zimamoto halipiti juu ya paa la mtu.

Mchoro ukipita na ramani ya upimaji ikaidhinishwa, sasa nenda idara ya ardhi ya manispaa. Beba picha ndogo, kitambulisho cha NIDA na karatasi ya mauziano. Kama ulirithi, barua ya usimamizi wa mirathi. Utajaza fomu ya maombi. Waliooana, andikeni majina yote mawili. Hata hivyo Sheria ya Ndoa hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, sasa kuficha jina lake kunakusaidia nini?

Utapewa ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo. Lipa benki au kwa simu, tunza risiti. Hati ikishasajiliwa, muda wake hauzidi miaka 99, na kodi ya pango la ardhi inalipwa kila mwaka. Ukiitelekeza kodi hiyo, hati inaweza kufutwa.

Toa nakala mbili. Moja iweke kwa ndugu asiyelala nyumba hiyo.