"By": nafundisha leo tu, sirudii

Nakodisha nguo za mlimani hapa Moshi. Kiingereza nimekiokota kwa wageni, na kila wiki kuna mtu ananiuliza hiki kineno. Haya.

1. Usafiri: "by bus", "by train". Ukitaja gari la nani, inatoka: "in my car". Kwa miguu ni "on foot".

2. Pembeni ya kitu: "by the gate", pale getini.

3. Mtendaji. Kilele cha Kibo, kile kirefu kuliko vyote Kilimanjaro, kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889. "Na" ya kwanza ni "by", ya pili ni "and". Msizichanganye.

4. Muda. Hapa ndipo nilipoumia. "Mpaka" yetu inafanya kazi mbili: "nitakusubiri mpaka saa kumi" na "mpaka saa kumi nitakuwa nimefika". Kwa Mzungu hayo ni maneno mawili. Jambo linaloendelea hadi saa hiyo ni "until". Jambo linalotakiwa liwe limeshaisha saa hiyo ikifika ni "by". Mimi nilimwandikia mgeni "return the jackets until Friday". Akaelewa akae nayo hadi Ijumaa, akaleta Jumamosi saa nne. Makoti yale yalikuwa ya kundi lililopanda mlima kwa njia ya Machame alfajiri ileile. Nikakodi kwa jirani, kwa hela yangu. Kabla hujaandika jiulize: naweza kusema "iwe imesha-"? Kama ndiyo, "by".

MASWALI

– Kaka, kwa hiyo by maana yake nini?
– Soma namba 1 hadi 4.
– Nimepitia harakaharaka.
– Pitia polepole.

– Mwalimu wetu alisema by ni "kwa", basi.
– "Kwa basi" sawa. Haya, "pembeni ya geti" utaitafsirije kwa hiyo "kwa" yako? Sikubishana na mwalimu wako, nimeongezea.

– Shikamoo kaka. Niko mapokezi hotelini Arusha. "By Friday", Ijumaa yenyewe imo?
– Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Imo, na mgeni akileta saa tano usiku hajakosea. Ndiyo maana siku hizi naandika "by 6 p.m. on Friday". Hiyo 6 ni saa kumi na mbili jioni, usije ukamsubiri saa sita. Chukua na hii: "late by ten minutes", amechelewa kwa dakika kumi. Na sokoni, "by the kilo", kwa kilo.

– Makoti yenyewe unatoa wapi?
– Soko la Memorial hapa Moshi, mitumba. Wahi asubuhi, na jaribu zipu kabla hujalipa.